Mwanangu kapewa sehemu ya mungu wa Kigiriki kwenye mchezo wa shule, baba yake hataki

Shangazi mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, naishi Athens, Ugiriki, mtaa wa Kypseli ambako sisi Waafrika tuko wengi. Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo. Sehemu kubwa ya mwaka nyumba iko mikononi mwangu, na yeye tunaongea kwa simu akifika bandarini au mtandao ukikubali. Binti yetu mkubwa yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakijua maana nyumbani sikubali aongee kingine, lakini akiota, anaota kwa Kigiriki. Nimemsikia.

Hapa somo la historia linaanza darasa la tatu, na mwaka mzima wanasoma hadithi za kale za nchi hii: miungu yao ya zamani, Herakles, vita vya Troya. Shule zinafungwa katikati ya Juni, na kabla ya kufunga kila darasa hufanya sherehe, wazazi tunaalikwa. Mwaka huu mwalimu wa binti yangu ameandika mchezo wa kuigiza. Naomba nikusimulie ulivyo, kwa sababu ugomvi wetu umo humo.

Kuna mfalme anaitwa Kronos. Ametabiriwa kwamba mwanawe mmoja atakuja kumpindua, basi kila mkewe Rhea akijifungua, yeye anamnyakua mtoto na kummeza. Anawameza watano. Wa sita, Zeus, mama anamficha mbali, na baba anapewa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Analimeza bila hata kutazama. Zeus anapokua anarudi kwa siri, anamnywesha baba yake dawa, na wale watano wanatapikwa wakiwa hai. Kuanzia hapo wote sita, bado wadogo, hawajui hata nguvu zao, wanafunga safari kwenda chini kabisa ya ardhi, mahali paitwapo Tartaros, kuwafungua majitu wa jicho moja waliofungwa humo. Hao majitu ndio wahunzi pekee wanaoweza kufua silaha za kumshinda Kronos. Wanarudi na vitu vitatu: radi ya Zeus, mkuki wa ncha tatu wa Poseidon, na kofia ya Hades ambayo ukiivaa huonekani. Kila mtoto ana kitu anachokiweza safarini, na mmoja akikosekana wote wanakwama. Tumbo la Kronos ni boksi la friji lililopakwa rangi nyeusi, limekatwa mlango, watoto wanabanana ndani wakisubiri kutapikwa.

Binti yangu kapewa Hestia. Ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo kamezwa wa kwanza na anatoka wa mwisho. Kazi yake ni kubeba moto, kule chini kwenye giza wenzake waone njia.

Shangazi, huyu mtoto shuleni ni mkimya. Mwaka jana mwalimu aliniita akaniambia hanyanyui mkono hata jibu analijua. Tangu apewe sehemu hii amekuwa mtu mwingine. Jioni nikiwa napika ananigeuza Kronos, ananiambia, "Mama, fungua mdomo, nitapike." Taa yake ameitengeneza mwenyewe kwa kopo la nyanya alilolitoboa matundu kwa msumari, ndani kaweka taa ndogo ya betri, na karatasi nyekundu na ya manjano kaibandika kwa ndani mpaka mwanga unatoka kama moto wa kweli. Analala nayo karibu na mto.

Nilipomwambia mume wangu alinyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu mimi hasimami mbele ya watu akaitwa mungu. Mwambie mwalimu hapana." Nikamweleza kwamba ni somo la historia, na watoto wengine wa Kiislamu wamo, Poseidon mwenyewe ni mvulana wa Kisyria. Akanijibu, "Kila mtu atazikwa kaburi lake." Akaongeza, "Leo ni mchezo, kesho ataniambia Ramadhani ni mambo ya watu wa kale." Siku ya pili mama mkwe akanitumia sauti kutoka Tanga akiuliza kama huku tulikokuja tumeanza kuabudu masanamu.

Mimi naswali, Shangazi, na wanangu nawafundisha Kurani mwenyewe. Moyoni sioni kwamba mwanangu ataabudu chochote kwa kutoka ndani ya boksi na taa ya kopo. Lakini sitaki kuwa mwanamke anayengoja mumewe aende baharini ndipo afanye lake. Wala sitaki kuwa mama anayekwenda kumwambia mtoto wake mkimya, aliyeanza kusema, kwamba arudi kukaa kimya. Mwalimu anasubiri jibu. Binti hajui kwamba kuna mjadala. Na nikikataa, naogopa watu watasema, si unaona, hawa hawataki kuchanganyika nasi.

Nifanyeje?

Mama wa Kypseli

Shangazi anajibu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma taratibu, kisha nikairudia, kwa sababu ndani yake hakuna mtu mbaya. Yuko baba anayelinda imani ya mwanawe akiwa mbali, yuko mtoto aliyepata sauti, yuko mwalimu anayejitahidi, na uko wewe katikati ukijaribu kuwa mkweli kwa wote. Mambo ya namna hii ndiyo magumu kuliko yale ambayo mmoja ana kosa.

Nakuelewa hivi: moyo wako umeshaelemea upande wa kumruhusu, lakini hutaki kumshinda mumeo. Unataka akubali. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nakuomba uyatenganishe kabla hujampigia simu tena, maana mtu anayepigiwa simu ili akubali huwa anasikia hilo tangu salamu ya kwanza.

Nianze na yeye. Usimwone kama mtu aliyepitwa na wakati. Hadithi hii ya Kronos imewasumbua watu tangu Wagiriki wenyewe wakiwa wanaabudu miungu hiyo. Alikuwepo mwanafikra wao, Xenophanes, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyelalamika kwamba washairi wamewabebesha miungu kila la aibu linalofanywa na binadamu: wizi, uzinzi na kudanganyana. Baadaye Plato, ambaye shule aliifungua hapo hapo Athens unapoishi, aliitaja hadithi hii hii, ya Kronos na aliyotendewa na mwanawe, akasema haifai kusimuliwa kwa watoto wadogo, kwa sababu mtoto hajui kutenganisha fumbo na jambo lenyewe. Mumeo hakusoma Plato ili afike hapo. Amefika kwa njia yake, na hoja yake ina uzito.

Tena nisikufiche. Ukimwambia "hii ni hadithi tu," utakuwa umesema nusu ya ukweli. Hestia aliabudiwa. Alikuwa moto wa jikoni katikati ya nyumba, na kwenye karamu ya watu wazima divai ilimiminwa kwa ajili yake mwanzo na mwisho. Hata lile jiwe alilomeza Kronos, watu walioneshwa huko Delphi, na msafiri mmoja wa karne ya 2 baada ya Kristo, Pausanias, aliandika kwamba walikuwa wakilipaka mafuta kila siku. Kwa hiyo mumeo anaposhtuka kusikia jina la mungu, anashtukia kitu kilichokuwepo kweli. Ukianza kwa kumkubalia hilo, mazungumzo yenu yatakuwa na pa kuanzia.

Sasa tutazame kilichopo leo. Wagiriki walio wengi ni Wakristo wa Orthodoksi. Kaisari Theodosius alipiga marufuku kafara kwa miungu hiyo kati ya mwaka 391 na 392, na mahekalu yao yakawa magofu mnayopita mkienda matembezini. Wapo wachache sana wanaojaribu kuifufua ibada ile, lakini shule ya mwanao haiko nao. Somo lenyewe umesema liko kwenye historia, wala halimo kwenye somo la dini. Siku ya sherehe hakuna mtu ukumbini atakayesujudu wala kuomba. Watapiga makofi, watapiga picha, watakula keki.

Halafu kuna jambo katika mchezo wa huyo mwalimu ambalo nadhani hujaliona, na mumeo halijui kabisa. Hadithi hii aliiandika mshairi Hesiod, karibu mwaka 700 kabla ya Kristo, na waandishi wa baadaye wakaiongezea. Katika masimulizi hayo ya kale, safari ya kwenda Tartaros wakiwa sita haimo. Anayewafungua majitu ni Zeus, na katika simulizi iliyobeba jina la Apollodorus anamuua kwanza Kampe, aliyekuwa mlinzi wa gereza lile. Ndugu zake wa kiume wanapewa silaha zao, na vita vinadumu miaka 10, wao kwenye Mlima Olympus na wakubwa wao kwenye Mlima Othrys. Na wasichana watatu, Hestia, Demeter na Hera? Katika vita vile karibu hawatajwi. Mwalimu ndiye aliyewaingiza safarini, akampa kila mmoja kazi, akaandika kwamba akikosekana mmoja wote wanakwama. Mtu anayeabudu andiko haligeuzi hivyo kwa ajili ya sherehe ya watoto. Alichokitaka yule mwalimu, kwa ninavyoona, ni darasa la watoto wa Kigiriki, wa Kisyria na wa Tanga wanaosaidiana kutoka gizani. Mumeo ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamua.

Unaweza kumkumbusha Nunda mla watu. Sisi wa pwani tumelala na hadithi ile: mnyama anayemaliza mji, na kitinda mimba wa sultani anayetoka kumtafuta, kila mara anarudi na mnyama asiyekuwa yeye na mama yake anamwambia bado. Nayo ina mlaji, ina mtoto mdogo kuliko wote anayefanya lililowashinda wakubwa, na hakuna bibi wa Tanga aliyefikiri anaharibu dini ya mjukuu kwa kuisimulia. Ila ujue mapema, mumeo anaweza kukujibu kwamba Nunda hajawahi kujengewa hekalu. Atakuwa amesema kweli, na usibishane naye hapo.

Niingie ndani zaidi kidogo, na unisamehe kama nimekosea, maana mumeo simjui. Maneno yake ya kwanza yalihusu mungu. Ya pili yalihusu Ramadhani, yaani yalimhusu yeye na mwanawe baadaye. Huyu ni mtu anayemsikia binti yake akikua kwa vipande, kwa simu, na kila akipiga anakuta Kigiriki kimeongezeka. Halafu anasimuliwa kwamba mtoto huyo anaigiza hadithi ya watoto walioungana kumwangusha baba yao. Sisemi kwamba hilo ndilo lililomnyamazisha kwenye simu. Ila najiuliza kama hakuna aliyeliwaza. Unaweza kumuuliza kwa upole kinachomtisha zaidi ni nini, kisha ukanyamaza na wewe, umwache aseme mpaka mwisho. Pengine atakwambia ni shirki na basi. Pengine atakwambia kitu kingine ambacho mchezo huu umekigusa tu, na ambacho hata ukiukataa mchezo kitabaki. Tafadhali sana, hata mkikasirikiana, lisikutoke neno kwamba yeye ndiye Kronos. Neno hilo likitoka halirudi.

Na wewe nikuulize mawili.

La kwanza ni hofu yako kwamba mkikataa mtaonekana hamtaki kuchanganyika. Naijua hofu hiyo. Mgeni huhisi anatazamwa hata pale ambapo watu wanatazama simu zao. Lakini je, mwalimu amewahi kukuonesha dalili hiyo? Mtu aliyempa mtoto wako mkimya kazi ya kuwamulikia wenzake njia huenda ni mtu wa kusikiliza. Usije ukamwamulia mwanao jambo zito kwa sababu ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

La pili ni binti mwenyewe. Umeandika mengi juu yake na yote yananionesha mama anayemtazama mwanawe vizuri, ila hakuna mahali ulipomuuliza anachokipenda. Wewe umehitimisha kwamba akiondolewa Hestia atarudi kwenye ukimya. Inawezekana. Inawezekana pia anachokipenda ni ile taa ya kopo aliyoitengeneza kwa mikono yake, au kubanana na wenzake wanne ndani ya boksi wakicheka, au kwamba kwa mara ya kwanza kuna jambo haliendi bila yeye. Kila jibu hapo linakufungulia mlango tofauti. Muulize jioni moja mkiwa jikoni, bila kumtajia mjadala wa baba: "Hestia unampendea nini?" Na muulize, "Kwani wewe unaonaje, hawa walikuwa miungu kweli?" Watoto wa umri huo mara nyingi wameshalifikiria swali hilo kabla yetu, na jibu lake ndilo baba yake anahitaji kulisikia, kwa sauti yake mwenyewe.

Sishangai kwamba mtoto wa namna yake amempenda Hestia. Huyu ni wa kwanza kuzaliwa na wa mwisho kutoka, kwa hiyo Wagiriki walimwita mkubwa na mdogo kwa pamoja. Alikaa gizani peke yake kabla ya wenzake kumfuata. Vita vilipoisha, ndugu wa kiume walipiga kura wakagawana: Zeus mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Hestia hakuwemo kwenye mgawo huo. Yeye alipata kitovu cha nyumba. Na watu wa mji wa Kigiriki walipohama kwenda kuanzisha mji ng'ambo ya bahari, walichukua moto kutoka kwenye jiko la mji wa nyumbani wakaenda nao, ili moto wa ugenini uwe ni ule ule. Wewe unayewasomesha wanao Kurani na kuwakatalia Kigiriki mlangoni unaujua uzito wa kubeba moto wa namna hiyo. Sikuambii haya ili umpende Hestia. Nakuambia ili ujue mwanao anashika nini mkononi, uweze kumweleza baba yake.

Njia zilizo mbele yako naziona kadhaa, na hakuna isiyo na gharama.

Unaweza kumwomba mwalimu nakala ya mchezo, binti aisome kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na baba yake asikilize kwa simu. Baba atapata kusikia kitu chenyewe badala ya jina lake, na zaidi ya hapo atakuwa sehemu ya jambo hili, hatakuwa mtu wa kuletewa habari. Gharama yake ni kwamba anaweza kusikiliza yote na bado akasema hapana. Hapo binti atakuwa ameisikia hapana hiyo kwa masikio yake, ikitoka kwa baba aliyekuwa akimsomea kwa furaha. Kama utakwenda njia hii, zungumza na mumeo kwanza peke yenu, mkubaliane kwamba akisikiliza hatatoa jibu papo hapo mtoto akiwepo.

Ipo njia ya kubadilisha sehemu. Hapa uwe mwangalifu, kwa maana ukimtoa kwenye Hestia ukamweka kwenye Rhea hujabadilisha kitu, naye ni mungu kwao, na hata majitu wa jicho moja ni watoto wa Mbingu na Ardhi. Lakini mchezo kama huu unahitaji msimulizi, na msimulizi mara nyingi ndiye anayesema kuliko wote. Yupo pia mbuzi Amalthea, ambaye katika simulizi moja ndiye maziwa yake yalimlea Zeus mchanga kule kisiwani Krete. Mwalimu aliyeandika safari nzima hashindwi kuandika sehemu moja zaidi. Gharama yake ni kwamba mtoto atamwona mwenzake amesimama na moto, na atajua kwa nini. Kuna watoto wanaolivuka hilo kwa siku mbili, na kuna wanaolikumbuka mpaka ukubwani. Wako ni yupi, wewe ndiye unayejua.

Unaweza pia kumwomba mwalimu jambo dogo: msimulizi afungue kwa kusema kwamba hizi ni simulizi za watu wa kale wa nchi hii, na namna walivyoueleza ulimwengu. Mzazi yeyote anaweza kuliomba hilo, wala halimharibii mtu mchezo wake. Kwa baba mmoja linatosha. Kwa mwingine halipunguzi chochote, kwa sababu kwake tatizo ni mwanawe kusimama katika nafasi hiyo, haijalishi msimulizi amesema nini.

Na ipo njia ya kukataa kabisa. Sitaki uione kama kushindwa. Wazazi wa imani hukataa mambo na watoto wao hukua vizuri. Lakini mkifika hapo, lisiwe "baba kakataa." Liwe "mama na baba tumeamua," hata kama umeumia, na mumpe sababu ambayo mtoto wa umri wake anaweza kuibeba bila kuona aibu kwa wenzake. Na mtafute mapema mahali pengine pa sauti ile kutokea, kabla haijazima. Kama hamna, basi gharama ya njia hii inakuwa kubwa kuliko inavyoonekana leo.

Kuhusu kufanya kimyakimya mume akiwa baharini, umeshasema hutaki, na sitaongeza mengi. Kypseli na Tanga zimeunganishwa na simu, picha ya sherehe itafika kabla meli haijafika. La kuogopesha zaidi ni kwamba mtoto atalazimika kumficha baba yake jambo lililomfurahisha kuliko yote mwaka huu.

Upande wa hukumu ya dini, mimi si mwanachuoni na sitajifanya. Wapo masheikh wanaokataza maigizo ya namna hii moja kwa moja, na wapo wanaotazama maudhui, nia na umri. Athens mna msikiti rasmi kule Votanikos tangu Novemba 2020, na huenda mnaye sheikh wa nyumbani mnayemwamini wote wawili. Mkubaliane kwanza nani wa kumuuliza, na mmuulize pamoja, hata kama ni kwa simu ya watu watatu. Ukienda peke yako kutafuta fatwa ya kumnyamazisha mumeo, yeye naye ataipata ya kukunyamazisha wewe, na mtakuwa mmefika pale pale. Baba wa yule mvulana wa Kisyria unaweza kumpa mumeo namba yake pia, wakazungumza wanaume wawili walio ugenini. Usimtumie kama ushahidi tena, maana hilo la kaburi ameshakujibu.

Mama mkwe mwachie mwanawe. Wewe mjibu kwa heshima kwamba hakuna sanamu lililoingia nyumbani, wajukuu wanasoma Kurani kama kawaida, na hili la shule mnalizungumza wewe na mwanawe. Ukianza kujitetea kwa sauti za WhatsApp, familia nzima itaingia ndani ya boksi lile.

Kwa leo, jambo la haraka ni mwalimu tu. Mwambie ukweli kwamba nyumbani bado mnazungumza kwa sababu za imani, muulize siku ya mwisho anayohitaji jibu ili naye asikwame, na umwombe ile nakala. Kisha subiri mumeo afike bandari ambayo mtandao wake hautawakata katikati ya sentensi. Nitafurahi ukiniandikia mkishaongea, lolote mtakaloamua. Na huyo binti mpe salamu zangu. Mwambie kuna shangazi angependa kujua matundu ya kopo aliyapangaje.

Shangazi